Owen: Kasisi aliyewakera walowezi kwa kuwatetea wenyeji wa Nyanza

WALOWEZI wa Kenya walimchukia Walter Edwin Owen kiasi cha kukigeuza cheo chake kuwa tusi. Kanisa la Kianglikana lilimfanya Shemasi Mkuu wa Kavirondo. Wao wakamwita Shetani Mkuu. Kosa lake lilikuwa kuanika hadharani yale ambayo serikali ya mkoloni ilitaka yabaki vijijini.

Owen alizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1870. Mnamo 1904 alifika Uganda akiwa mmisionari, na mwaka wa 1918 akahamishiwa Kavirondo, jina la enzi hizo la eneo la Nyanza. Sehemu za kusini, ikiwemo Oyugis ya leo, zilikuwa katika wilaya ya Kavirondo Kusini iliyotawaliwa kutoka Kisii.

Alikuta wenyeji wamechoka. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilikuwa vimewamaliza vijana waliochukuliwa kuwa wapagazi. Kodi ya nyumba ilipanda, na wanaume wakalazimishwa kubeba kipande. Kisha mwaka wa 1920 Kenya ikatangazwa koloni, na ardhi ya mababu ikawa mali ya mfalme wa Uingereza. Amri zote hizo zilitekelezwa na machifu walioteuliwa na serikali. Chifu aliyeshindwa kukusanya kodi au kupeleka vibarua alipoteza kiti, kwa hivyo wengi walimwogopa zaidi mkuu wa wilaya kuliko watu wao.

Vijana waliosoma Maseno ndio waliothubutu kusema. Desemba 1921 walikusanya umati mkubwa huko Lundha, Gem, wakaunda Chama cha Vijana wa Kavirondo chini ya uenyekiti wa mwalimu Jonathan Okwiri. Vuguvugu lao lilijulikana kama Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walitaka koloni lifutwe, kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, wapewe hati za ardhi na wawe na baraza lenye viongozi waliochaguliwa.

Serikali iliingiwa na hofu. Machi 1922 askari walikuwa wamewaua kwa risasi waandamanaji jijini Nairobi waliodai Harry Thuku aachiliwe. Miezi michache baadaye Gavana Edward Northey alikwenda Nyahera kuwasikiliza watu wa Nyanza. Kambi za kazi ya lazima zilifungwa, lakini koloni na kipande vikabaki.

Hapo ndipo Owen alipoingia ulingoni. Mwaka wa 1923 viongozi wa vuguvugu walimkubali awe rais wao, na chama kikaitwa Chama cha Maslahi ya Walipa Kodi wa Kavirondo. Wanachama waliapa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti, na malalamiko yakaanza kupelekwa kwa barua badala ya mikutano ya hadhara.

Ilikuwa njia ya katikati. Wafaransa walipomtimua Mfalme Charles X mwaka wa 1830 kwa kubana magazeti na haki ya kura, hawakuufuta ufalme. Walimtawaza Louis-Philippe, aliyekubali kufungwa na katiba. Owen naye hakutaka kuing'oa bendera ya mfalme. Aliamini kwamba dola ingeona haya ikionyeshwa dhuluma yake, na kwamba haya hiyo ingezaa haki.

Imani hiyo ilikuwa na gharama. Vijana waliodai madaraka ya kujitawala walijikuta wakihesabu vyoo. Wanahistoria kadhaa wamemlaumu kwa kuuzima moto wa Piny Owacho wakati ule ule serikali ilipoomba uzimwe.

Hata hivyo, hakuwa kibaraka. Alipinga wanawake na wasichana kulazimishwa kutengeneza barabara. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega, serikali ilirekebisha sheria mwaka wa 1932 ili wenyeji wahamishwe bila kupewa ardhi nyingine, na Owen akapiga kelele hadi katika magazeti ya Uingereza. Katika miaka hiyo ya 1930 aligeukia ajira ya watoto. Aliwakosoa pia machifu waliowanyanyasa raia, na wakubwa wa serikali wakamwona mchochezi.

Alifariki mwaka wa 1945, baada ya miaka zaidi ya 40 Afrika Mashariki, na hakushuhudia mavuno. Koloni lililotangazwa 1920 lilifikia kikomo Desemba 12, 1963, wala halikuondolewa na haya ya watawala. Liliondolewa na Waafrika waliorudia, kwa sauti kubwa zaidi, madai yaliyotolewa Lundha. Owen aliwapunguzia watu wa Nyanza uzito wa nira. Kuivua kulibaki kazi yao wenyewe.