Filippo Brunelleschi na alama alizozijua peke yake

Mwaka jana, wakati wa kazi ya uwanjani, mimi na wenzangu wawili tulikwenda kukusanya habari za nyumba ya asili. Mmoja wetu anasoma ujenzi, naye alitaka michoro: nguzo zinavyosimama, fito zinavyofungwa, nyasi zinavyopangwa juu ya paa. Alikuwa na jengo kichwani, jengo jipya lenye umbo la zamani, na hakutaka kulibuni hewani. Mimi nilitaka maneno, yaani jina la kila sehemu. Mzee mmoja alitupokea na kutueleza kwa siku mbili nzima. Tuliporudi baada ya wiki tatu, alituomba tumsomee aliyotuambia ili asahihishe. Nilifungua daftari langu, nikashindwa. Nilikuwa nimeandika haraka, kwa vishale, nusu herufi na alama za kujitungia, nikiamini kwamba nitazikumbuka. Mzee alingoja, kisha akatazama pembeni ili nisione haya zaidi.

Ndiyo sababu ninaandika hapa habari za Filippo Brunelleschi, fundi wa Italia aliyekufa zamani sana. Wengi wanamjua kwa kuba kubwa la kanisa la Florence. Mimi nilivutwa kwake na daftari lake, ambalo leo halipo.

Brunelleschi alizaliwa Florence mwaka 1377. Baba yake alikuwa mwandishi wa hati za sheria, naye alitaka mtoto afuate njia hiyo. Mtoto alipenda kazi za mikono, kwa hiyo baba akakubali awekwe kwa wafua dhahabu. Huko alijifunza kuyeyusha madini, kuchonga, na kuunganisha vyuma vidogo vinavyozungushana. Ujuzi huo wa magurudumu madogo ulimsaidia baadaye alipotengeneza mashine kubwa.

Mwaka 1401 mji wa Florence ulitangaza shindano la kutengeneza milango ya shaba nyeusi ya nyumba ya ubatizo. Kila mshindani alipaswa kutoa kipande kimoja kinachoonyesha Ibrahimu akiwa karibu kumchinja Isaka. Walioshindana walikuwa saba. Vipande viwili tu vimebaki hadi leo, cha Brunelleschi na cha Lorenzo Ghiberti, na vyote viko katika jumba la makumbusho la Bargello mjini Florence. Kazi alipewa Ghiberti. Kuhusu namna alivyoipata, habari zinatofautiana. Ghiberti mwenyewe aliandika kwamba waamuzi wote walimkubali. Antonio Manetti, aliyemjua Brunelleschi uzeeni na kuandika maisha yake miaka mingi baada ya kifo chake, anasema waamuzi walitaka wawili hao washirikiane, naye Brunelleschi akakataa. Kila mmoja wa wasimulizi hao alikuwa na upande wake. Lililo hakika ni kwamba Brunelleschi hakuitengeneza milango ile.

Baada ya kushindwa, kwa simulizi ya Manetti, alikwenda Roma pamoja na rafiki yake Donatello, mchongaji wa sanamu. Wakati ule Roma ilikuwa mji uliopungua. Majengo ya zamani yalikuwa yameanguka, mengine yamefunikwa na udongo, na watu walichukua mawe yake kujengea nyumba zao. Vijana wale wawili walikaa huko wakipima. Walichimba ili waone misingi, wakakodi vibarua wa kuondoa udongo, wakalinganisha urefu wa nguzo na unene wake, na upana wa ukuta na uzito ulioubeba. Watu wa mtaa, walipowaona wanachimba kila siku, waliamini kuwa wanatafuta hazina. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kuchafuka kiasi kile kwa ajili ya vipimo.

Donatello alitazama zaidi sanamu. Brunelleschi alitaka kujua jinsi majengo yanavyosimama. Roma ilikuwa na Pantheon, hekalu lenye kuba la upana wa mita 43 hivi, lililojengwa katika karne ya 2 na lililokuwa bado zima. Nyumbani Florence kulikuwa na kanisa kuu lililoanzwa mwaka 1296, nalo lilikuwa na tundu juu lenye upana unaokaribiana na huo. Wazee wa mji walikuwa wameshakubali tangu mwaka 1367 kwamba tundu hilo litafunikwa kwa kuba, lakini hapakuwa na fundi aliyejua namna ya kulijenga.

Katika habari zote za Manetti, hapa ndipo nilipokaa zaidi. Anasema kwamba Brunelleschi aliandika vipimo vyake juu ya vipande vyembamba vya ngozi, vile vinavyobaki ngozi ya kuandikia inapokatwa iwe ya mraba. Juu yake aliweka tarakimu na alama alizozielewa yeye peke yake. Kwa maneno ya fani yetu, alikusanya data nzuri kuliko mtu yeyote wa wakati wake, akaiandika kwa mfumo wenye msomaji mmoja.

Mwaka 1418 wasimamizi wa kanisa walitangaza shindano la kuba, na zawadi ilikuwa florini 200 za dhahabu. Shida kubwa ilikuwa mbao. Kwa desturi, kuba lilijengwa juu ya umbo la mbao lililoshikilia mawe mpaka chokaa ikauke. Kwa upana ule na kimo kile, mbao za kutosha zingekuwa shida kupatikana, na kama zingepatikana gharama yake ingetisha. Brunelleschi alisema atajenga bila umbo hilo. Walipomtaka aeleze namna yake, alikataa kufungua siri yote, na inasemekana siku moja walinzi walimbeba wakamtoa nje ya mkutano kama mwendawazimu. Mwishowe aliwaonyesha mfano mkubwa wa matofali, wakamkubali. Hata hivyo wakamwekea mwenzake wa kusimamia kazi, naye alikuwa Ghiberti yuleyule.

Ujenzi ulianza mwaka 1420. Kuba lina ngozi mbili, ya ndani nene na ya nje nyembamba, na watu hupita katikati yake kwa ngazi. Matofali hayakulazwa yote. Kila baada ya hatua chache tofali moja lilisimamishwa, na matofali hayo yaliyosimama yalipanda kwa kuzunguka, yakiyabana yale yaliyolala yasiteleze kabla chokaa haijakauka. Kila mzunguko ulipokamilika ulijishikilia wenyewe, ukawa msingi wa mzunguko uliofuata. Ili kupandisha mizigo alibuni mashine iliyozungushwa na ng'ombe. Gurudumu lake liliweza kubadili mwelekeo wa kamba bila mnyama kugeuzwa, mzigo ukapanda au ukashuka. Wachonga mawe waliposhindwa kuelewa umbo alilotaka, aliwachongea mfano kwa tanipu, ile mboga ya mzizi. Mfano wa tanipu huoza, na siri ikaoza nao.

Si kila alichobuni kilifaulu. Mwaka 1421 Florence ilimpa haki ya miaka mitatu kwamba mtu mwingine asiige chombo chake cha kusafirisha mizigo mtoni, na haki hiyo huhesabiwa miongoni mwa hataza za kwanza zinazojulikana. Chombo chenyewe kilizama katika mto Arno kikiwa na shehena ya marumaru. Mwaka 1434 alifungwa siku chache kwa sababu hakulipa ada ya chama cha mafundi, na wasimamizi wa kanisa wakamtoa. Mwaka huohuo Buggiano, kijana aliyemlea kama mwanawe, alitorokea Napoli na fedha na vito vyake. Baadaye alirudishwa, na ndiye aliyechonga sanamu ya kumbukumbu yake kanisani.

Kuba lilifungwa mwaka 1436. Brunelleschi alishinda pia shindano la mnara mdogo wa kileleni, lakini alikufa tarehe 15 Aprili 1446, kazi hiyo ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Alizikwa ndani ya kanisa lenyewe. Kaburi lake lilipotea machoni pa watu, likaonekana tena mwaka 1972.

Vipande vyake vya ngozi havikuonekana. Hatuna mchoro hata mmoja wa Roma wa mkono wake. Mashine zake tunazijua kwa sababu wengine walizichora: Taccola wa Siena, Leonardo da Vinci, na hata Buonaccorso, mjukuu wa Ghiberti. Taccola huyo aliandika pia mazungumzo yake na Brunelleschi, na humo fundi anamwonya asiwaeleze watu wengi uvumbuzi wake, kwa kuwa wasiojua hucheka kwanza kisha huiba. Kwa hiyo hata onyo lake la kuficha limetufikia kwa sababu mtu mwingine aliliandika kwa maandishi yanayosomeka.

Simlaumu. Alikuwa ameshindwa mara moja mbele ya mji mzima, na wakati ule aliyetoa siri yake alikuwa amemaliza kula kwake. Wataalamu wanaendelea hadi leo kuuliza kuba lile alilipanga vipi, na jibu wanalitafuta kwenye matofali yenyewe. Jengo lake lilikuwa na bahati ya kusimama. Nyumba tuliyokwenda kuiandika sisi ni ya fito na nyasi. Haitasimama miaka 600 ikimngoja mtafiti mwingine.

Yule mzee alikubali kutueleza upya, kwa ufupi zaidi kuliko mara ya kwanza. Mwenzangu wa ujenzi amemaliza michoro yake, na sehemu nyingi sasa zina majina. Daftari langu jipya lina ufunguo wa alama zote kwenye ukurasa wa kwanza, nami nimempa mwanafunzi mwingine alisome bila msaada wangu. Katika lile la zamani zimebaki alama nne ambazo mzee hakuzigusa mara ya pili. Nimezinakili kama zilivyo, nikaandika kando yake kwamba maana yake imepotea kwa kosa la mwandishi.