Alan Turing: Mfumbuzi wa siri za vita aliyeadhibiwa na nchi aliyoitumikia

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MFANYABIASHARA wa Tabora mjini anapobonyeza namba ya siri kwenye simu ili kumtumia fedha mrina asali aliyeko Sikonge, ujumbe wake husafiri hewani ukiwa umefumbwa. Lengo ni kwamba atakayeunasa njiani asiambulie kitu. Kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na msingi wa kinadharia wa mashine hizo uliandikwa mwaka 1936 na Mwingereza ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 24, Alan Mathison Turing.

Enzi za misafara, siri ya barua katika mji huu ilitegemea lakiri na uaminifu wa mpagazi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alilikuta Kwihara, nje kidogo ya Tabora, furushi la barua za Dk. David Livingstone lililoandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Lilipomfikia mwenyewe Ujiji lilikuwa na umri wa mwaka mzima. Barua ya namna hiyo iliweza kuchelewa au kupotea, lakini kuisoma kulihitaji kwanza kuishika mkononi. Redio iliondoa kinga hiyo, kwa kuwa neno likishatupwa hewani, rafiki na adui hulisikia kwa pamoja. Ndipo mataifa yalipolazimika kuzungumza kwa mafumbo.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912, mwaka ambao reli ya Wajerumani iliyotoka Dar es Salaam ilifika Tabora na kuanza kuwanyang'anya wapagazi wa Kinyamwezi kazi yao. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, na mtoto alilelewa Uingereza na familia nyingine. Alipokuwa na miaka 13, mgomo mkubwa wa wafanyakazi ulisimamisha treni siku za kufungua shule. Akapanda baiskeli na kwenda karibu kilomita 100 peke yake. Huko shuleni alimpenda sana mwanafunzi mwenzake, Christopher Morcom, aliyefariki kwa kifua kikuu Februari 1930.

Andiko lake la 1936 lilihusu hisabati tupu. Hadi wakati huo kila mashine ilikuwa na kazi yake: cherehani ya kushona, saa ya kuhesabu muda. Turing alionyesha, kwa karatasi na kalamu, kwamba inawezekana kuwa na mashine moja inayofanya kazi ya mashine nyingine yoyote ya kukokotoa, mradi ipewe maagizo. Maagizo hayo ndiyo tunayoyaita leo programu, na kila mtengeneza programu anaishi ndani ya wazo hilo, awe analijua au halijui.

Vita ilipoanza Septemba 1939 aliripoti Bletchley Park, kituo cha siri cha kufumbua ujumbe wa Wajerumani waliokuwa wakitumia mashine iitwayo Enigma. Haki itendeke hapa: wanahisabati wa Poland walikuwa wameshaifumbua Enigma tangu mwaka 1932, na waliwapa Waingereza ujuzi wao wiki chache kabla ya vita. Turing alibuni mashine mpya ya kuharakisha kazi hiyo, Bombe, kisha akaongoza ufumbuzi wa ujumbe wa nyambizi zilizokuwa zikizamisha meli za chakula katika Bahari ya Atlantiki.

Tawi la kazi ya namna hiyo lilikuwa jirani na sisi. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo Aprili 1942, wafumbuzi wa Kiingereza walihamia Kilindini, Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram, ambako walifumbua lugha ya siri ya meli za mizigo za Kijapani. Turing hakuwamo. Shule hiyo yenyewe ina jina la tajiri aliyeanzia Bagamoyo kwa kupeleka misafara bara.

Mwaka 1941 Turing alimchumbia mwenzake wa kazini, Joan Clarke, akamweleza ukweli kwamba yeye huvutiwa na wanaume. Binti hakushtuka. Turing mwenyewe ndiye aliyevunja uchumba. Baada ya vita alichora mpango wa kompyuta, akakimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 46 (muda wa kuheshimika hata kwetu), na mwaka 1950, akiwa Manchester, akaandika juu ya swali la kama mashine inaweza kufikiri.

Januari 1952 nyumba yake iliibiwa. Alikwenda polisi kama mwananchi yeyote, na katika maelezo yake akakiri uhusiano na kijana mmoja wa kiume. Aliyeibiwa akageuka mshtakiwa. Sheria ya mwaka 1885 iliadhibu matendo ya aibu kati ya wanaume, hata faraghani, na mahakama ilimpa njia mbili: jela, au homoni za kike kwa mwaka mmoja. Alichagua homoni. Kibali chake cha kazi za siri kilifutwa, na kwa kuwa kazi ya vita ilikuwa bado siri, hakuweza kuitaja kujitetea.

Alifariki kwa sumu ya sianidi tarehe 7 Juni 1954, akiwa na miaka 41. Uchunguzi ulisema alijiua. Mama yake aliamini ilikuwa ajali. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, Malkia akamsamehe mwaka 2013, na mwaka 2021 sura yake ikawekwa kwenye noti ya pauni 50.

Maneno ya sheria iliyomhukumu yalisafiri mbali zaidi ya sifa zake. Waingereza waliyaingiza katika kanuni za adhabu walizoitungia Tanganyika mwaka 1930. Kwao waliacha kuwaadhibu watu wazima kwa jambo hilo faraghani mwaka 1967, miaka sita baada ya uhuru wetu, hivyo tulirithi sheria ilivyokuwa siku ya kesi ya Turing. Kifungu cha 157 bado kimo, chenye kifungo cha hadi miaka mitano. Cha 154, kinachohusu kuingiliana kinyume cha maumbile, kiliongezewa makali mwaka 1998 na sasa hukumu yake haipungui miaka 30. Mtu wa Tabora mwenye siri kama ya Turing leo huificha ndani ya simu, kwa mafumbo yale yale yanayolinda fedha za muuza asali.