Leibniz Hakungoja Tarakilishi

Husikitika kila nisikiapo kwamba somo la tarakilishi haliwezi kuanza shuleni hadi mashine ziletwe. Gottfried Leibniz, aliyezaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1646, hakuwa nayo hata moja. Babaye, aliyekuwa profesa, alifariki mwana akiwa na umri wa miaka sita, akamwachia maktaba ambamo alijisomea mengi. Mwaka wa 1673 aliwaonyesha wataalamu wa London mashine ya kukokotoa hesabu. Hata hivyo, ninachokienzi zaidi ni makala aliyoiwasilisha mwaka wa 1703 kwa Akademia ya Sayansi ya Paris. Humo alieleza jinsi nambari zote ziandikwavyo kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, kila nafasi ikiwa na thamani maradufu ya ile iliyo kulia kwake: mbili ni 10, tatu ni 11, nne ni 100. Alifariki Hannover mwaka wa 1716. Tarakilishi za leo hutumia tarakimu zizo hizo.

Walimu wenzangu, yeye alitumia kalamu na karatasi. Sisi tuna chaki na ubao. Mwanafunzi aelewaye kwa nini nane ni 1000 hataiona mashine kuwa mazingaombwe siku itakapofika.