Rachel Carson

Rachel Louise Carson (Springdale, Pennsylvania, 27 Mei 1907 – Silver Spring, Maryland, 14 Aprili 1964) alikuwa mwanabiolojia wa bahari na mwandishi kutoka Marekani.

Alipata shahada ya uzamili ya zoolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1932, kisha akaajiriwa na idara ya serikali iliyosimamia uvuvi. Aliacha kazi mwaka 1952, baada ya kitabu chake The Sea Around Us kuuzwa sana.

Anajulikana hasa kwa kitabu Silent Spring (1962), kinachoeleza madhara ya DDT na dawa nyingine za kuua wadudu. Mfano mmoja ni Clear Lake, California. Humo dawa ya DDD ilitiwa kwa kiasi kidogo sana, lakini ilijikusanya katika viumbe vidogo vya majini, zaidi katika samaki, na zaidi tena katika vibisi, ndege wanaokula samaki hao, nao wakafa kwa wingi.

Makampuni ya kemikali yalimshambulia vikali. Mara nyingi hudaiwa kwamba alitaka dawa zote zipigwe marufuku. Kwa kweli alipinga kuzinyunyiza ovyo. Rais John F. Kennedy aliagiza wanasayansi wachunguze suala hilo, na ripoti yao ya Mei 1963 ilimuunga mkono kwa sehemu kubwa. Mwezi uliofuata alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti, akiwa tayari mgonjwa wa saratani ya matiti.

Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yote ya DDT mwaka 1972. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliacha nafasi ya kuitumia dhidi ya mbu wa malaria.