Verney Lovett Cameron: Kutoka Doria ya Baharini hadi Bara

Verney Lovett Cameron hukumbukwa zaidi kwa kuvuka Afrika kwa miguu, toka Bagamoyo hadi pwani ya Angola. Hata hivyo, yeye alikuwa mwanamaji kwanza, na safari ile haieleweki vyema pasi na miaka yake ya baharini.

Alizaliwa tarehe 1 Julai 1844 karibu na Weymouth, kusini mwa Uingereza. Mnamo Agosti 1857, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu, aliingizwa katika Illustrious, meli ya mafunzo. Jeshi la majini la wakati huo liliwafunza maafisa wangali watoto: hesabu, kutambua mahali kwa jua na nyota, tanga, kamba na utiifu. Miezi michache baadaye alikuwa Mediterania. Mwaka wa 1862 alikuwa New Orleans, mji huo ukiwa mikononi mwa majeshi ya Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Uluteni aliupata Oktoba 1865.

Kisha manowari Star ikamleta pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya vita vya Uhabeshi vya 1868, kazi yake ikawa kuwinda majahazi ya watumwa. Ilikuwa kazi yenye utata. Mkataba wa 1845 baina ya Sayyid Said na Uingereza ulikataza watumwa wasipelekwe nje ya milki yake ya Afrika, lakini uliwaachia wenye majahazi kuwasafirisha kati ya Kilwa na Lamu. Jahazi lililosheheni watu liliweza kupita mbele ya mizinga kihalali, kisha, kusi ikivuma, likaambaa kaskazini kuelekea Arabuni. Manowari zilikuwa chache, nayo pwani ni ndefu mno. Si ajabu kwamba Cameron aliiona doria kuwa dawa ya kutuliza tu. Shina la biashara hiyo, kwa maoni yake, lilikuwa bara. Akajifunza Kiswahili.

Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimteua kuongoza msafara wa kumsaidia Livingstone. Uliondoka Bagamoyo Machi 1873, Sidi Mubarak Bombay akiwa kiongozi wa wapagazi. Oktoba, huko Unyanyembe, walifikiwa na habari kuwa Livingstone amefariki na wafuasi wake wanauleta mwili. Cameron hakurudi. Ujuzi wa melini ulimfaa alipoizunguka sehemu ya kusini ya Tanganyika kwa mashua mwaka wa 1874 na kuutambua mto Lukuga.

Lakini bara lilimgeuzia mambo. Ili afike Atlantiki, luteni huyu aliyekamata majahazi alilazimika kufuatana na msafara wa Alvez, mfanyabiashara ya watumwa kutoka Angola. Siku moja watu wa Alvez walirejea na wanawake 52 waliofungwa kamba kwa makundi. Cameron hakuwa na mzinga wala sheria ya kuwatetea. Aliandika aliyoyaona, akaendelea kutembea nao.

Alifika pwani Novemba 1875. Alifariki Machi 1894, baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi.