Ibn Sina na masharti ya kuchunguza mkojo

Leo tunamkumbuka Abu Ali al-Husayn bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Ibn Sina. Alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, katika nchi iitwayo leo Uzbekistan. Alihifadhi Qur'ani akiwa na umri wa miaka 10, na kabla hajatimiza 20 aliitwa kumtibu Amiri Nuh bin Mansur, akafunguliwa maktaba ya ufalme.

Tabibu wa zama zile hakuwa na njia ya kuona ndani ya kifua cha mtu aliye hai. Alishika mshipa, akatazama mkojo. Katika kitabu chake, Al-Qanun fi al-Tibb, Ibn Sina aliuwekea uchunguzi huo masharti: uwe mkojo wa asubuhi, katika chombo safi, na mgonjwa asiwe amekula kitu chenye kutia rangi, kama zafarani. Ndipo tabibu atazame rangi, uzito au wepesi, harufu, povu na mashapo. Hapo tunaona uadilifu wa elimu, kwani dalili iliyochukuliwa kwa uzembe humdhulumu mgonjwa.

Alifariki dunia mjini Hamadan mwaka 1037. Hivi leo watafiti hupima kwa mashine kemikali ndogo ndogo zilizomo mkojoni, wakitafuta ishara za jeraha lililojificha kifuani. Jambo hilo lingali katika utafiti, nao pia hawana budi kuuliza mgonjwa alikula nini, na mkojo ulichukuliwa saa ngapi. Sharti la Ibn Sina halijachakaa.