Galileo Galilei: Falaki kwa Lugha ya Umma

Galileo Galilei alizaliwa mjini Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564. Babake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki. Aliingia Chuo Kikuu cha Pisa mwaka wa 1581 kusomea udaktari, akakiacha mwaka wa 1585 bila shahada. Hata hivyo, alirejea chuoni humo mwaka wa 1589 kufundisha hisabati, kisha akahamia Padua mwaka wa 1592, alikofundisha kwa miaka 18.

Aghalabu hukumbukwa kwa darubini yake na miezi minne ya sayari ya Mshtarii aliyoigundua Januari 1610. Sisi wanafunzi wa lugha tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Ugunduzi huo aliutangaza kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya nzima, maana alitaka wataalamu wa nchi nyingine waupate upesi. Lakini alipoandika juu ya madoa ya Jua, katika kitabu kilichochapishwa Roma mwaka wa 1613, alitumia Kiitaliano. Mpinzani wake, padre Christoph Scheiner, hakukijua Kiitaliano; ikabidi atafsiriwe!

Mwaka wa 1612 Galileo alimweleza rafikiye, Paolo Gualdo, sababu ya uamuzi huo. Aliona vijana wasio na kipawa wakipelekwa vyuoni, ilhali wenye kipawa wamefungwa na shughuli za nyumbani. Kwa kutojua Kilatini, hawa walidhani vitabu vile vimesheheni mambo yaliyowapita kimo. Alitaka watambue kuwa wao pia wamepewa macho ya kuyaona maumbile na akili ya kuyafahamu. (Hoja hii si ngeni kwetu: hadi leo wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi.) Tena kitabu hicho kilieleza mbinu ya mwanafunzi wake, Benedetto Castelli, ya kuangusha taswira ya Jua kwenye karatasi na kuyachora madoa bila kuumiza macho. Aliyekuwa na darubini angeweza kujaribu mwenyewe.

Majadiliano yake ya mwaka wa 1632 kuhusu mwendo wa Dunia yaliandikwa vilevile kwa Kiitaliano. Mwaka wa 1633 mahakama ya Kanisa mjini Roma ilimtia hatiani, akafungiwa nyumbani kwake Arcetri. Kosa halikuwa lugha, ila naamini lugha iliwazidishia wakubwa hofu.

Hata huko vijana walimfuata. Vincenzo Viviani alifika mwaka wa 1639 akiwa na umri wa miaka 17, naye mzee amekwisha kupofuka. Evangelista Torricelli akaja mwaka wa 1641. Galileo alifariki tarehe 8 Januari 1642. Baadaye Viviani ndiye aliyeandika wasifu wa mwalimu wake, kwa Kiitaliano.